Maji Niliyoyakuta Kwenye Shubiri

Kisarawe, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mwajuma,

Salamu tumekwisha kupeana asubuhi uliponiamkia, na sasa hivi nakusikia uani ukifunga sanduku, kwa hiyo sitazirudia kana kwamba uko ng'ambo. Nimeketi chumbani, mlango nimeurudisha. Mama yako mdogo Tatu ameniuliza ninafanya nini, nikasema naandika barua, akacheka mpaka akashika ukuta. Anajua mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga majivu. Mwalimu wa misheni aliyenifundisha herufi alikuwa akitaka mchaichai wa chai yake tu. Nilipoweza kuandika jina langu na majina ya mitishamba, sote wawili tukaona elimu imetosha. Basi nivumilie.

Mambo ya nguo, chakula na watu wa kuwaepuka huko chuo cha wauguzi hutayakuta humu. Tatu amekwisha kuyasema mara tatu, na kesho penye lori atayasema tena. Mimi nina neno moja tu, na nimelikalia miaka kumi na moja.

Jumapili ulikuwa ukipepeta mchele. Uliniuliza bila kuinua uso, "Baba, mkono uliomuua mama utamfunga mgonjwa bendeji?" Nikakohoa, nikatoka kwenda kuangalia mbuzi, mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Jioni nikasikia unamwambia Tatu kwamba labda usiende, kwamba ni afadhali uwaandikie wampe mwingine hiyo nafasi. Nilikuwa nyuma ya mlango, jibu ninalo mdomoni, nikalimeza kama nilivyozoea kulimeza.

Hukumuua mama yako. Nilimuua mimi. Nitakueleza ilivyokuwa, hatua kwa hatua, maana jambo likisemwa kwa mkato watu hulijaza wenyewe, na wewe umejaziwa vya kutosha.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mganga wa miti, si wa pepo. Watu walimletea pepo pia, akawapa chai ya mchaichai na kuwaambia wakalale. Nyuma ya nyumba alikuwa na vitalu vinne, hivi hivi unavyovijua: tangawizi chini karibu na mgomba, mchaichai kando ya bafu, kivumbasi katikati, na shubiri juu kabisa penye changarawe, ambako hata kuku hawachakuri. Kila kitalu kilikuwa na kata yake ya kumwagilia, na kata hizo hazikulingana ukubwa. Ya tangawizi ilikuwa kubwa kuliko zote. Ya shubiri haikuwapo kabisa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Maji mengi huleta jani, kiu huleta dawa, kiu kubwa huleta kuni." Akaendelea na kazi yake.

Sikumsadiki. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na sita alikwenda msibani Maneromango, akakaa huko karibu mwezi, akaniachia bustani. Nikakiona kivumbasi kimejikunyata, majani madogo kama masikio ya panya, nikakihurumia. Nikakinywesha asubuhi na jioni. Aliporudi kilikuwa kinanifika kiunoni, kibichi cha kupendeza, na mimi nimesimama kando yake kama bwana harusi. Hakunigombeza. Nilikuwa na mafua siku hiyo. Alichuma mafungu kwa mafungu, akachemsha chungu kizima, akanifunika blanketi nijifukize. Nilivuta mvuke mpaka jasho likanitoka magotini, na pua haikufunguka. "Umefuga majani," akasema. "Kawape mbuzi."

Mwaka uliofuata nikageuka bahili. Nikainyima tangawizi maji ili iwe kali, nimshangaze mzee. Ikawa kali kweli, lakini ilikuwa nyuzi tupu, ungeweza kushonea gunia.

Hutalima tangawizi huko uendako, najua. Ninachotaka ushike ni kwamba mmea haumwonyeshi mtu nguvu yake kwa macho. Jani kubwa linaweza kuwa maji tu, na jani lililosinyaa linaweza kuwa limekusanya ukali wa majani matano. Ndiyo sababu babu yako alikuwa na desturi ambayo sikumwona akiivunja hata mara moja: dawa ikishaiva, mganga huonja kwanza, mgonjwa baadaye. Alichovya kidole, akaweka ulimini, akafumba macho na kunyamaza. Kisha akaongeza maji, au akaongeza jani. Mgonjwa akiwa yule yule na ugonjwa ule ule, mwezi huu vipande viwili, mwezi ujao vinne. Watu walidhani anasikiliza mizimu. Alikuwa anapima mvua iliyopita.

Sasa nije kwenye mwaka ule.

Vita ya Wazungu ilikuwa bado inaendelea huko mbali, nguo zilikuwa za shida, na masika yalinyesha majuma mawili yakakata. Kisima cha bondeni kikabaki tope. Wanawake walishuka alfajiri na kupanda jua likiwa limekwisha kuwa kali, kila mmoja na mtungi wake mmoja. Mama yako alichora alama ya mkaa ndani ya mtungi wa nyumbani ili ajue tumekunywa kiasi gani. Niliacha kumwagilia vitalu vyote. Kivumbasi kikatoa mbegu na kufa, mchaichai ukawa makuti, na mimi nikasema liwalo na liwe, watu kwanza.

Asubuhi moja nikatoka kutawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, nikakuta kitalu cha shubiri kimelowa.

Haukuwa umande. Mwaka ule umande haukuwapo, na kama ungeanguka ungelowesha vitalu vyote. Udongo chini ya kila shina ulikuwa mweusi, duara moja moja, kazi ya mkono wenye subira. Pembeni ardhi ilikuwa kavu na ngumu kama sakafu. Na kwenye ule udongo uliolowa palikuwa na nyayo ndogo za mguu mtupu, vidole vyote vimeelekea mlango wetu. Za kwenda kitaluni hapakuwa hata moja. Zilikuwa za kuja nyumbani tu.

Nikamwamsha mama yako. Akaja, akatazama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Si mimi, Baba Mwajuma," akasema. "Na mtungi umeshuka vidole viwili."

"Mtoto je?"

"Mtoto kalala. Nimetoka kumfunika sasa hivi."

Hakuna aliyefikiria kukutazama miguu. Ulikuwa na miaka minane, umelala mdomo wazi, nani angekushuku? Nilizifuta zile nyayo kwa jembe.

Ikawa hivyo kila siku ya tatu au ya nne. Nyani wa msitu wa Pugu walikuwa wakishuka kutuibia mihogo mibichi kwa njaa, miti yote mteremkoni imepukutika, na shubiri yangu inanona kama ndama wa sadaka. Majani yalikuwa manene, yanang'aa, yanalala kwa uzito. Jirani walikuja kutazama wakasimama mbali. Mmoja akasema, "Haya si bure." Mwingine akaniuliza kama nimeota chochote.

Nikaamua ni babu yako. Alikuwa na miaka mitatu kaburini. Nilijua nyayo zile ni ndogo na babu yako alikuwa na mguu kama mwiko wa kupikia pilau ya harusi, lakini mtu anayetaka kusadiki hapimi nyayo. Nikasema mzee ameona shida yangu, amenichagua mimi miongoni mwa watoto wake wote, anashika bustani yangu. Nilikuwa naogopa, kweli, kila asubuhi nywele zilinisimama. Lakini hofu ile ilikuwa na utamu wake, na nisingekubali mtu aniondolee. Habari zikatembea, watu wakaja mpaka kutoka Mkuza kutafuta shubiri inayomwagiliwa na marehemu. Nikaanza kutembea polepole na kuzungumza kwa sauti nzito. Mama yako alikuwa akinitania, "Sheikh wa shubiri, njoo ule."

Ningejibanza nyuma ya mgomba alfajiri moja tu, ningekuona na mambo yakaishia hapo. Nilijiambia kwamba kuchungulia ni utovu wa adabu kwa marehemu. Uongo. Niliogopa nisije nikakuta si yeye.

Na ulimi wangu ulikuwa unaniambia ukweli muda wote huo. Jani la shubiri lililoshiba maji lina ute mwingi na utomvu wa njano kidogo. Nilipoonja, uchungu ulikuwa wa mbali, umelala. Baba yangu alikuwa akipima shubiri kwa pingili za kidole, na mtu mzima alikuwa akimpa pingili mbili. Mimi nikapanda tatu, nikapanda nne, na kufikia mwezi wa Rajabu nilikuwa nachemsha pingili tano ndipo mgonjwa aone nafuu. Nikazizoea tano. Mkono wangu ukawa unakata tano wenyewe, bila kuniuliza.

Mwezi wa Shaabani bibi yako wa Mkuza aliteguka mguu. Tukakupeleka umsaidie kuchota maji na kuwasha moto. Nilikuacha pale nikarudi, na tangu siku ile kitalu hakikulowa tena.

Ungedhani ningeunganisha. Sikuunganisha. Nilikaa nikitafuta nimemkosea nini marehemu. Jua likaishika ile shubiri majuma manne, ikanywea, ikawa nyembamba na nyekundu kama shaba, ncha zimejikunja kwa ndani. Siku moja nililivunja jani kwa bahati mbaya na utomvu ukanidondokea mkononi, mzito, wa njano ya kuelekea weusi, na alama yake haikutoka kwa siku mbili. Nililiona hilo, Mwajuma. Nililiona kwa macho yangu nikaendelea na shughuli zangu.

Ramadhani ikaingia. Siku ya tisa mama yako akashikwa na homa na tumbo kufunga, akawa hafungi tena saumu kwa sababu ya ugonjwa. Mimi nilikuwa nimefunga. Na ujue kitu kimoja juu yangu: tangu nilipobaleghe sikuwa nimeacha hata siku moja ya Ramadhani, si kwa homa wala kwa safari, na kila mtu Kisarawe alilijua hilo kwa sababu niliwaambia.

Nikakata pingili tano. Nikachemsha. Dawa ikaiva adhuhuri, na hapo ndipo pa kuonja. Nikaishika kata, harufu ikanipiga, mate yakanijaa mdomoni kwa ukali wake tu. Nikajiambia, nimefunga. Ningeweza kuweka tone ulimini nikatema. Ningeweza kumwita jirani yeyote asiyefunga aonje kwa niaba yangu. Ningeweza kungoja magharibi. Nikasema kipimo ni kile kile, shubiri ni ile ile, na Mungu anaona funga yangu. Miezi mingi baadaye nilikwenda kwa mwalimu wa chuoni, anayesomesha watoto Kurani, nikamwambia kuna mtu fulani anauliza kama kuonja dawa ya mgonjwa na kuitema kunafunguza. Akasema, "Kwa haja kama hiyo hakufunguzi. Mwambie asiwe na wasiwasi." Nikamshukuru kwa niaba ya mtu huyo.

Mama yako alikunywa nusu, akasimamisha kikombe. Tulikuwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa kwa sababu mwanga wa jua ulimuumiza macho.

"Baba Mwajuma," akasema, "leo chungu mno."

Nikasema, "Dawa haikuumbwa tamu. Kunywa."

Akanywa. Alinywa kwa sababu aliniamini, na kwa sababu nilitumia ile sauti nzito.

Kilichofuata sitakieleza chote. Kwanza alipata nafuu, nikafurahi. Kisha tumbo likaanza kumwendesha, na halikusimama. Nilimpa maji hayakukaa, nikampa uji haukukaa. Kufikia alfajiri midomo ilikuwa imepasuka na macho yameingia ndani. Nilijua ni nini. Hospitali ndogo ya bomani ilikuwa mwendo wa saa moja, ningepata vijana wanne wa kumbeba kwa machela. Sikuwaita. Kumpeleka kungekuwa kusema mbele ya watu kwamba mganga amemwekea mkewe kipimo kibaya. Nikangoja, nikidhani usiku utamrudishia nguvu, na siku ya pili baada ya alasiri akakata roho, mkono wake uko kwenye goti langu.

Nilimpenda mama yako, Mwanahawa. Sijawahi kukuambia hilo na sijui kwa nini watu hatuwaambii watoto. Nilimpenda na nikamwacha afe ili nisichekwe.

Kwenye maziko watani walikuja kama desturi ilivyo, na mmoja wao, mtu mnene mwenye sauti ya ng'oma, akalala mlangoni tulipotaka kutoa jeneza akasema hapiti mtu mpaka alipwe. Kisha akanyoosha kidole kwangu. "Mganga gani huyu! Kaponya wa Mkuza, kaponya wa Pugu, wake nyumbani kampeleka mwenyewe!" Watu wakacheka katikati ya machozi, ndiyo kazi ya utani, hupunguza uzito. Nikacheka na mimi. Nilicheka nikamtazama usoni kuona kama anajua. Hakujua kitu.

Ulirudi kutoka Mkuza baada ya arobaini. Siku ya tatu, alfajiri, nikatoka na birika la kutawadhia, nikakukuta kitaluni. Ulikuwa umeshika kata kwa mikono miwili, macho wazi, ukimwaga maji shina kwa shina, taratibu, kama mtu anayelisha kitoto. Nikakuita. Hukugeuka. Nikapitisha mkono mbele ya macho yako, hayakufuata.

Nikasema, "Mwajuma, unafanya nini?"

Ukasema, "Mama kasema isife."

Ukamaliza safu, ukapita kwenye udongo uliolowa, ukaingia ndani ukalala. Nyayo zikabaki nyuma yako, vidole vimeelekea mlangoni. Nikazielewa zote mara moja, za siku ile na za miezi ile yote, nimesimama pale na birika mkononi mpaka jua likachomoza na sala ikanipita. Baadaye nilikumbuka kwamba mwanzoni mwa ukame, kitalu kimoja baada ya kingine kilipokuwa kinakufa, mama yako alikuambia kwa mzaha, "Hii ya babu usiiache ife." Ulikuwa mtoto msikivu. Ulisikia hata ukiwa usingizini.

Nilichopaswa kufanya asubuhi ile ni kuwaita watu wote na kusema. Badala yake nilikwenda kuzifuta nyayo, na nilichelewa. Tatu, aliyekuwa amebaki kwetu tangu msiba, alikuwa amesimama dirishani, ameona.

"Shemeji," akasema, "mtoto huyu anawanga. Anatembea macho wazi na hasikii. Dada yangu alikuwa mzima. Nani ajuaye mtoto huyu alimfanya nini?"

Usimchukie Tatu. Alikuwa amefiwa na dada yake wa pekee, na alitaka pawe na sababu. Sababu ilikuwa imesimama mbele yake, na ndevu zake, na ikanyamaza. Mimi nilinyamaza, Mwajuma. Ningesema sentensi moja tu neno lile lingefia pale pale uani. Nikasema, "Mambo ya Mungu haya," nikaingia ndani.

Neno likatoka uani likaenda kisimani, kutoka kisimani likaenda sokoni. Watoto wenzako wakaacha kucheza nawe. Nikakupeleka Mkuza kwa bibi yako, nikasema ni kwa ajili ya shule, na shule ilikuwapo kweli, lakini watu waliona mganga amemwondoa mtoto wake nyumbani, wakatikisa vichwa. Kuondoka kwako kukawa ushahidi. Kila ulipokuja likizo nilikuona unavyonawa mikono, mara mbili, mara tatu, kabla ya kugusa chakula cha watu. Nilijua unanawa nini. Nikapitisha sahani.

Tangu mwaka ule sijampa mtu shubiri. Wakija kuiomba nasema msimu wake bado. Kitalu sikuking'oa, sijui kwa nini, na nimekiacha bila tone la maji lisilokuwa la mvua.

Sasa nikuambie la Jumanne hii.

Tangu urudi kuaga, kitalu kimeanza kulowa. Jumanne nikafanya nilichopaswa kufanya miaka kumi na moja iliyopita, nikasimama nyuma ya mgomba. Ulitoka. Umejifunga ile kanga ya mama yako ambayo Tatu alikutolea sandukuni, na kwa kuwa umekuwa mrefu kama yeye, nilimwona yeye kabla sijakumbuka ni wewe. Ulimwagilia safu yote. Uliporudi ulinipita karibu, kisha ukasimama. Ukanigeukia, macho wazi, huoni.

Ukasema, "Baba Mwajuma, leo chungu mno."

Sauti ilikuwa yako. Lakini hujawahi kuniita hivyo maishani mwako, na hukuwamo chumbani siku ile, ulikuwa Mkuza kwa bibi yako. Hakukuwa na mtu. Maneno yale sijamwambia binadamu yeyote. Nimejaribu kila maelezo. Labda nimekuwa nikiyasema mwenyewe usingizini na wewe uliyasikia ukiwa mdogo, ukayaweka. Huenda ndivyo. Mimi ni mganga wa miti, pepo siwajui. Nakuandikia tu nilichosikia, na sasa naandika huku nimeuelekeza mgongo ukutani.

Nilijibu. Nilisema, "Basi usinywe. Weka chini."

Ukainama, ukaweka kata chini, taratibu, ukaingia ndani. Jana na leo kitalu kimeamka kikavu. Nilikaa pale chini kwenye udongo nikalia kwa sauti, mzee mzima, mpaka Tatu akatoka akidhani nimeumwa na nge.

Huko chuoni mwambie mkuu wa wauguzi mapema kwamba huwa unatembea usingizini. Useme kama mtu anavyosema ana mafua. Atakulaza karibu na mwenzako atakayekurudisha kitandani, basi. Wapo watu wengi wa namna hiyo na hawawangi mtu.

Na siku moja utamsimamia mgonjwa, kikombe kiko mkononi mwako, kipimo kimeandikwa na mtu mwenye elimu kukuzidi, na mgonjwa atakuambia leo hii dawa si kama ya jana. Utakuwa umechoka na wengine wanangoja. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu kwamba mimi nilikuwa na jibu tayari, tena jibu zuri, la kuchekesha watu.

Kuhusu mkono wako. Mtoto wa miaka minane aliyeamka usingizini, katikati ya ukame, akachota maji ambayo yeye mwenyewe alikuwa na kiu nayo, akapelekea kitu kisife, mkono wake huo ndio ninaoujua mimi. Maji yako hayakumdhuru mtu. Yaliifanya dawa kuwa hafifu, na dawa hafifu haijawahi kumuua mtu aliyekuwa na mume wa kuonja. Kiu ya jua iliifanya kali, mimi nikakata tano, mimi nikakataa kuonja, mimi nikasema kunywa, mimi sikuita machela. Zihesabu zote, hakuna hata moja iliyo yako.

Lori litapita saa mbili asubuhi. Nimewaita watu waje saa moja, wanywe chai: Tatu, bibi yako ambaye amelala hapa jirani, mwalimu wa chuoni, na wale majirani wawili wa kisimani unaowajua. Wanadhani ni dua ya safari. Dua itakuwapo, lakini kabla yake nitasimama niwaambie haya. Baada ya hapo huenda asije mgonjwa hata mmoja kwenye nyumba hii, na watakuwa na haki. Huenda Tatu asiniandalie tena chakula, na huenda ndugu wa mama yako wakanitaka bomani. Nimeyafikiri yote. Yananiogopesha kidogo kuliko kukuona unarudisha nafasi yako kwa sababu ya kosa langu.

Barua hii nakupa sasa hivi, nikitoka chumbani. Isome, uilalie, na kesho uwe nayo mkononi. Mimi nimezoea kunyamaza, na mazoea yana nguvu. Ukiniona nimesimama mbele yao na mdomo haufunguki, usinionee huruma kwa sababu ni baba yako. Fungua karatasi usome kwa sauti, polepole, kuanzia pale nilipokata pingili tano, mpaka kila aliyekuita mwanga asikie jina la aliyemuua Mwanahawa. Kisha panda lori.

Baba yako,
Selemani